Mashini ya Kaliko na Bati la Juu ya Paa

Siku ile inanirudia kwanza kwa harufu, mwanangu, kabla sijaona kitu. Au niseme kwa kukosa harufu. Nilikuwa nimezoea ateliye yetu ya kuchora, hapa Bigo, Bunia, ambako rangi ya mafuta na petroli viliingia mpaka ndani ya bugali. Na hapo nilisimama katika chumba cha mchuuzi mmoja wa Ariwara, mbele ya mashini inayochapa uso wa mtu mkubwa kama mlango, na hewa ilikuwa safi kabisa. Nikajisemea moyoni: ni hii. Nilijisemea hivyo kabla sijauliza hata swali moja.

Ninakuandikia wewe, Grasi, mtoto wa mdogo wangu, na wenzako wawili mnaotaka kubadilisha mashini ya ateliye mwaka huu. Jana mliniletea picha kwenye simu, mkaniambia Mama Mukubwa, chagua, au utuachie tuchague. Nilisimama nikatoka, mlango ukajipiga nyuma yangu. Kwa mlango naomba msamaha. Kwa nililosema siombi. Nilisema hakuna mashini itakayoingia ndani ya nyumba hii kabla kipande ilichokichapa hakijalala juu ya paa, kiangazi kizima na mvua za kwanza. Mkacheka. Mmoja wenu akasema eti mimi nafikiri mashini ni muhogo wa kuanika. Ilikuwa nzuri, hata mimi ilinichekesha nilipofika nyumbani. Lakini sibadili neno. Nimekaa chini kuwaandikia sababu, na mkimaliza kusoma, chekeni tena kama bado inawachekesha.

Sijui kama mtu aliyeishia darasa la sita anafaa kutoa nasaha. Herufi nilizijua kwa umbo kabla sijazijua kwa sauti, nilizipaka kabla sijazisoma. Nilicho nacho ni kaye zangu. Tangu nikiwa msichana naandika jioni mambo ya siku, mistari mitatu, minne. Nimezifungua tena ili nisiwadanganye, maana kichwa cha mtu kinapenda kumpamba mwenyewe.

Mujomba Filemoni, kaka ya mama yangu, ndiye aliyenifundisha kazi. Mlimkuta ameshapofuka, hamkumjua na brosi mkononi. Wakati ule hakukuwa na kuchapa, pano zote za Bunia zilipakwa kwa mkono, vibao vya duka, vya kinyozi, vya shule. Juu ya paa la ateliye alikuwa na bati moja kuukuu, amelilaza upande unaopigwa na jua la saa saba, amelifunga waya upepo usilibebe. Kila kopo jipya la rangi lililoingia, hata kama ni la kiwanda kile kile na rangi ile ile, alipiga nalo mstari mmoja juu ya bati, halafu pembeni akakwangua kwa msumari mwezi na mwaka. Kopo hilo halikugusa pano ya nje mpaka mstari wake uwe umepita kiangazi kimoja na mvua za kwanza. Kwa kazi ya ndani, sawa, tulilitumia. Kwa nje, hapana. Kiliya aliyeagiza kazi akiwa na haraka, Mujomba alimwonyesha ngazi akamwambia apande aangalie mwenyewe.

Alisema wauzaji wanajua rangi yao, lakini jua la Bunia hawakulikalia, na vumbi letu jekundu hawakulioga. Mimi nilimsikia maneno hayo mara nyingi mpaka nikaacha kuyasikia.

Nilikuwa na miaka thelathini na tatu aliponiachia ateliye. Macho yake yalikuwa yanamwacha. Wakati huo huo vitu vilivyochapwa vilikuwa vimeanza kuingia kutoka upande wa Uganda. Makanisa yalitaka kaliko, vitambaa vya kutundika vyenye picha ya mchungaji, maduka yalitaka picha ya simu na ya soda, vitu ambavyo brosi inavifanya kwa siku nne na mashini kwa dakika chache. Makiliya walikuwa wanapita mbele yetu wanaenda. Mama yangu akauza ng'ombe wake wawili, wote aliokuwa nao, akasema, nenda ununue hiyo mashini kabla hatujafunga mlango. Kwa hiyo nilikuwa na nafasi moja tu ya kuchagua. Nikikosea, ateliye inakufa na ng'ombe wa mama wamekwenda bure.

Kaye yangu inasema nilifika Ariwara siku ya Jumatano. Kichwa changu kinasema ilikuwa siku ya soko kubwa. Kimoja kati ya hivyo kinadanganya, na naona ni kichwa. Nilikuwa nimerushwarushwa ndani ya gari la mizigo siku mbili, vumbi limenijaa mpaka kope. Yule mchuuzi alinipokea vizuri. Alinipa maji ya kunawa na kiti. Hilo naliandika kwa sababu baadaye watu walimfanya mwizi, na mwizi hakuwa. Aliniuliza kama nimebeba picha yoyote. Nilikuwa na picha ndogo ya kadi. Akaiingiza kwenye ordinateri, kompyuta yake, mashini ikaanza kupita, shwii, shwii, na nikaona paji la uso wangu linatoka, halafu macho, halafu shavu lenye kovu la utotoni. Sijawahi kujiona mzuri namna ile.

Kabla sijaondoka Bunia, Mujomba alikuwa ameniomba kitu kimoja tu. Nimletee kipande kilichochapwa, kilale kwenye bati. Nilikileta. Lakini ningeulazaje uso wangu juu ya paa, uangalie mawingu? Niliutundika kwenye baraza ya ateliye, mbele, chini ya kivuli, kila anayepita barabarani auone. Na waliuona. Watu walisimama na mizigo kichwani. Wakaniuliza nagombea kiti gani, wanichagulie namba ngapi. Mama mmoja muuza samaki alisema, "Vena, sasa hata mume atakukuta bila kuuliza njia." Nikacheka nao. Mujomba aliuliza mara moja kile kipande kiko wapi. Nikamjibu kiko mahali pazuri. Hakuona, na mimi sikumwambia.

Hilo lilikuwa kosa dogo. Sasa nakuja kwa kubwa.

Mama Dorika alikuwa anauza majani ya sombe chini ya barabara yetu. Alikuwa ametoka kijiji kimoja cha Djugu, yeye na familia chache zilizobaki, na walikuwa wanasali katika kanisa dogo la mbao nyuma ya mtaa. Walichoacha kule ni makaburi, na wengine hata kaburi hawakupata. Hawakuwa na njia ya kurudi kuyapalilia. Wakakubaliana wasimamishe pano moja uwanjani pa kanisa, yenye majina ya watu wao waliokufa, ili wawe na mahali pa kusimama. Mama Dorika alikuja kwangu na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Majina hamsini na mawili. Alisema, "Andika na mukono, na rangi nyeusi. Inaenea, inatosha."

Nilimkatalia, mwanangu. Ni mimi niliyemkatalia. Nilimwambia mkono ni kitu cha zamani, nikamwonyesha uso wangu barazani, nikamwambia watu wake nao watakuwa wazuri namna hiyo, juu ya mbingu ya buluu yenye mawingu, majina kwa rangi nyekundu. Nyekundu niliichagua kwa sababu mashini ile ilikuwa inatoa nyekundu ya ajabu. Akaangalia uso wangu, akaniangalia mimi. Akasema, "Weye ndo fundi." Akaniachia karatasi.

Nikaituma Ariwara na dereva wa gari la mizigo. Pano ilirudi imechapwa kabla ya wiki mbili. Tukaisimamisha mwisho wa mwezi wa kumi na moja, mvua zikiwa zinamalizika, na watu wa kanisa waliimba pale mpaka mchana ukapita. Makiliya watatu waliniagiza kazi hapo hapo uwanjani. Nikamtumia mchuuzi ujumbe aniwekee mashini ile, nakuja kuichukua baada ya kiangazi, nikishamaliza kazi zilizoagizwa.

Mnakijua kiangazi chetu. Jua halina huruma na vumbi linakaa hewani kama moshi. Mimi nilikuwa na shughuli, sikupita uwanja ule. Mvua za kwanza za mwezi wa tatu zilipopiga siku mbili, Mama Dorika alikuja ateliye saa sita za mchana. Hakuwa na kikapu chake. Alinishika mkono, hapa juu ya kiwiko, akanivuta kama anavyovutwa mtoto aliyekataa kuoga.

Pano ilikuwa imesimama vizuri, mbao zake nzima. Mbingu yangu ya buluu ilikuwa imekuwa nyeupe kama maji ya mchele. Majina mengine yalikuwa rangi ya fizi. Mengine yalikuwa yametiririka. Mengine hayakuwepo.

Akasema, "Soma."

Nilidhani ananiuliza kama nimeona. Nikaanza kuomba radhi.

"Sikukuita uniombe radhi. Soma, mutoto yangu. Sauti kubwa."

Nikasoma. La kwanza, la pili, la tatu, yalisomeka kwa shida. La tisa halikusomeka. Nikasimama.

"Huyo iko Batista," akasema. "Mutoto yangu wa tatu. Endelea."

Nikaendelea. Kila niliposhindwa, alisema yeye. Hakukosea hata moja, na alijua mpangilio wake kutoka juu mpaka chini, na kwa wengine aliongeza neno moja: huyu alikuwa anapiga gita, huyu alikuwa na mimba. Watu wawili watatu walikuwa wamekuja kusimama nyuma yetu. Tulimaliza jina la hamsini na mbili. Ndipo akaniambia maneno ambayo niliyaandika jioni ile ile, kwa hiyo ninayaandika hapa jinsi alivyoyasema.

"Mimi niko na miaka mingi. Haya majina yote ilikuwa mu kichwa yangu. Niliileta kwako kusudi itoke mu kichwa, ikae pahali, siku mimi nikienda ibakie. Weye umeirudisha mu kichwa yangu."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Niliporudi nilisimama barazani mbele ya uso wangu mwenyewe. Ulikuwa uleule, mashavu yanang'aa, hakuna hata doa. Miezi ile yote ulikuwa kivulini, na mimi nilikuwa naupita kila asubuhi na kila jioni na kujiambia mashini iko nguvu. Mujomba alikuwa amekaa kwenye kibao chake. Alinisikia ninavyopumua. Nikamweleza yote, na kuhusu bati pia.

Akasema, "Bati iko juu. Ngazi iko hapa. Weye ulikosa nini, miguu?"

Huyo ndiye Mujomba, hakuwa mtu wa maneno mengi.

Tuliipaka pano upya, kwa mkono, rangi nyeusi, kutoka kopo ambalo mstari wake ulikuwa na miaka minne juu ya bati na bado ulikuwa mweusi. Mujomba alichanganya rangi kwa kusikiliza kijiti kinavyozunguka. Mama Dorika alikaa kwenye jiwe akinitajia majina, maana karatasi ya daftari ilikuwa imebaki Ariwara. Nilifanya siku nane. Sikukubali kulipwa, na hilo silitaji ili nisifiwe. Ningepokeaje?

Halafu nikarudi Ariwara.

Nilikwenda na hasira, nikiwa nimepanga kumwita mwongo mbele ya watu. Lakini haki ni haki. Nilipomuuliza mashini ile inatumia wino gani, alinijibu bila kuzunguka. Ilikuwa ya wino wa maji. Ilitengenezwa kwa picha za kutundika ndani ya ofisi na ndani ya nyumba, na kwa kazi hiyo hakuna iliyoishinda. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akanishangaa. "Mama, weye haukuuliza. Ulisema tu iko muzuri."

Na ilikuwa kweli. Niliiandika.

Akanionyesha nyingine, nyuma, imefunikwa shuka. Ilikuwa nzito, pole pole, na wino wake ulikuwa unanuka mpaka machozi yanatoka. Wino huo hauketi juu ya turubai, unaliuma, unaingia ndani yake. Picha yake haikuwa laini kama ile ya kwanza. Ukisogea karibu, ngozi ya mtu ilionekana kama imepigwa na mchanga. Mchuuzi mwenyewe alisema watu hawaipendi, kelele na harufu. Nilimwomba kipande kutoka kila mashini, picha moja, ukubwa mmoja. Akachapa. Nikavikunja. Akauliza ni ipi nibebe. Nikamwambia hakuna. Nitarudi baada ya kiangazi kingine na mvua.

Aliweka mikono kiunoni. "Mama, unajua wangapi wanaingia hapa? Iko mutu wa Bunia anataka hii ya maji kesho. Mashini haiwezi ngoja mvua."

"Basi mupatie."

"Utarudi, utakuta zote mbili zimeenda."

"Nitakuta zingine," nikasema. "Jua letu ndilo litakalokuwa pale pale."

Nilisema kwa sauti ya ujasiri, lakini kaye yangu ya siku hiyo inasema hivi: *Nimefanya ujinga? Mama atanifukuza. Sijui.* Msifikiri kwamba mtu anayesema hapana hatetemeki. Nilitetemeka njia nzima mpaka Mahagi.

Yule mtu wa Bunia alikuwa jirani yetu wa mtaa wa pili. Aliinunua mashini ya maji, na kweli, ateliye yake ilijaa. Wachoraji wangu wawili kati ya watatu wakaenda kwake, na sikuwalaumu, walikuwa na watoto. Mimi nilibaki na ngazi. Vipande vyangu viwili vililala juu ya bati, vimefungwa waya, ubavu kwa ubavu. Barabarani wakaanza kuulizana: mashini ya Vena iko wapi? Iko juu ya paa, inapiga jua. Wengine walikuwa wanapita, wanainua macho kwenye paa letu na kusalimia, "Mashini, jambo." Baba zangu wadogo wakaja kikao. Waliuliza ng'ombe wa shemeji yao wamekuwa turubai mbili za kuanika? Nikawajibu kwamba ng'ombe bado wapo wazima katika bahasha, na watabaki humo mpaka bati liseme. Mama yangu alikaa kwenye kona ya chumba akiwa kimya. Kimya chake kilinikata kuliko maneno yao, kwa sababu wao walikuwa wanasema na yeye alikuwa amenitumainia.

Katikati ya kiangazi, mwenyekiti wa kamati ya kanisa moja kubwa alikuja. Sikukuu yao ilikuwa baada ya siku nne. Walitaka kaliko ya kuvuka barabara, ndefu, yenye picha. Walikuwa tayari kunilipa mimi, nichapishe kwa jirani na niweke jina la ateliye yetu chini, kama zamani. Ningepata mlo wa miezi miwili. Nilimwambia kwa sikukuu ya siku moja, kazi ya jirani inatosha kabisa, aende kwake moja kwa moja, atamhudumia vizuri. Lakini jina letu siliweki chini ya rangi ambayo bati halijaipitisha. Alinitazama kama mgonjwa. Alisema, "Mama, hata kwa siku moja?" Nikasema hata kwa saa moja.

Kuna siku najiuliza kama hapo nilizidisha. Kwa siku moja kaliko ile isingemdhuru mtu. Labda ilikuwa kiburi, na watoto wa mdogo wangu walikula sombe bila mafuta kwa sababu ya kiburi changu. Nimeliandika swali hilo mara nyingi na sijapata jibu. Lakini najua kwamba kama ningesema ndiyo siku ile, ningesema ndiyo wiki inayofuata kwa pano ya zahanati, na mwezi unaofuata kwa kitu kama cha Mama Dorika. Najijua.

Mvua zilipoanguka nikangoja zipige mara tano. Halafu nikapanda, Mujomba ameshika ngazi kwa chini. Kipande cha wino wa maji kilikuwa karibu cheupe. Kile cha wino unaonuka kilikuwa kimepoteza kidogo njano yake na vumbi limekiganda. Nikakipangusa na kitambaa chenye maji. Herufi zikatoka. Nikakishusha, nikakisimamisha ng'ambo ya barabara, nikarudi nyuma hatua arobaini, nikasoma. Nilimwita mama yangu. Yeye hasomi, lakini alisimama pale nilipokuwa nimesimama, akaangalia, akasema, "Naona." Ni neno lake la kwanza kuhusu jambo lile tangu ng'ombe waondoke.

Niliporudi Ariwara, mashini ya kunuka haikuwa imeuzwa, nikainunua. Nilikuwa nimeambiwa watu hawaitaki, na ilikuwa kweli. Ni hiyo mnayotaka kuitoa sasa. Haki yake: ilinipa maumivu ya kichwa mwaka mzima mpaka nikavunja ukuta wa nyuma na kuweka dirisha. Ukiilaza siku mbili bila kazi, wino unakauka kichwani mwake, kwa hiyo kila asubuhi nilichapa mstari mmoja mwembamba, hata siku ya kilio, hata siku tulipoamka tukisikia mambo mabaya kutoka nje ya mji na hatukujua kama tutafungua mlango. Kuran ya umeme ilipokatika katikati ya kazi, turubai lote lilipotea. Nilinunua grupe ya kutoa umeme kabla ya kununua kitanda. Na haki ya jirani: mashini yake ya maji imemlishia watoto mpaka leo. Aliacha kazi za nje, akafanya picha za harusi, kalenda, picha za marehemu za kuweka sebuleni. Nzuri sana. Picha ya Mujomba mnayoiona ukutani, ni yeye aliyeichapa. Iko ndani, kwenye kivuli, na haijabadilika.

Sasa sikiliza, mwanangu, na uwasomee wenzako.

Mmeniambia mashini ya leo si ya wakati ule, wino wa leo umeandikwa kwenye karatasi kwamba unakaa miaka kadhaa nje. Inawezekana kabisa. Sipingi karatasi, mimi na karatasi hatujawahi kuelewana vizuri. Lakini aliyeiandika hakukaa Bigo mwezi wa pili. Omba kipande. Akikataa kukupa kipande, umeshajua. Akikupa, usikipeleke barazani kwenye sifa, kipeleke mahali kazi yako itakapoishi, ukiache hapo mpaka kiseme, na wakati unangoja, waache wakucheke. Kicheko cha barabarani hakijawahi kufuta jina la mtu. Wino mbaya ulikaribia kufuta hamsini na mawili.

Na uulize. Uliza wino unatengenezwa na nini, uliza kichwa chake kikifa kinapatikana wapi, uliza ni nani atakayekuja kuitengeneza akiwa Bunia, si kwenye simu. Uliza ukionekana mjinga. Mimi niliogopa kuonekana mtu wa la sita mbele ya ordinateri, nikasema "iko muzuri" badala ya kuuliza. Muuzaji hatakudanganya kila mara. Mara nyingi atanyamaza tu pale ulipoacha kuuliza.

Na kiliya akikuambia anataka mkono na rangi nyeusi, msikilize kwanza. Huenda anajua anachobeba kuliko wewe unayejua mashini.

Mchague wenyewe. Nimeamua hivyo leo asubuhi, sitachagua mimi. Kama ni ile pana ya kwenye simu yenu, chukueni ile pana. Lakini vipande vyake vitapanda ngazi kwanza, na bati halishuki kwenye paa lile nikiwa hai, na nikifa nitawaambia watu wa kanisa walilinde.

Jambo la mwisho. Pano ya Mama Dorika haijawahi kuingia katika mashini yoyote, hata hii yetu. Rangi ya mkono nayo inabanduka, sidanganyi, kwa hiyo kila mwezi wa kumi na mbili naipitia upya, jina kwa jina. Sasa ni majina hamsini na matatu. La chini kabisa ni lake. Aliniomba mwenyewe, akiwa kitandani, akaniambia, "Mimi pia, na mukono." Mkono huo umeanza kutetemeka, Grasi. Mwaka jana herufi za Batista zilipinda. Mwaka huu utashika brosi wewe, na mimi nitakaa kwenye lile jiwe nikitaja majina. Nimeyaweka yote kichwani, kwa mpangilio, ikiwa karatasi itapotea tena. Sikuulizi kama unataka.

Mungu akupe ujasiri wa kungoja wenzako wakikimbia, na akupe nyumba yenye makiliya wasiochoka na ngazi. Jua likupige bila kukubadilisha rangi. Na siku ambayo wewe na mimi hatutakuwepo, apite mtu asiyetujua kabisa, asimame hatua arobaini mbali na kazi ya mikono yako, aisome mpaka mwisho bila kukwama.